BAKA LISILOUMA

Tujifunze kuutambua ukoma, kuutibu, na kuishi vizuri baada ya dawa

Safari hii tunazungumza juu ya ngozi. Huku Bujonde, na Kyela kwa jumla, joto ni kali, mvua ni nyingi, na mkulima wa mpunga hushinda majarubani miguu ikiwa ndani ya maji na tope. Basi vipele na mabaka si habari ngeni kwetu. Tunaujua upele, tunaijua choa, na wanaokaa karibu na mito iendayo kasi wanaujua uwasho wa usubi. Magonjwa hayo yanawasha, na mtu akiwashwa usiku kucha, asubuhi hutafuta dawa.

Lakini lipo baka ambalo haliwashi wala haliumi. Mwenye nalo hulima, hupika, huvua, na kusema, "Hili halinisumbui." Baka hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote, maana huenda ni dalili ya ukoma.

Ukoma ni nini?

Ukoma ni ugonjwa unaoletwa na bakteria. Aliyemgundua bakteria huyo ni daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Kwa hiyo ukoma hauletwi na kurogwa, wala laana ya ukoo, wala kula samaki fulani.

Bakteria huyu ni mvivu sana. Wakati bakteria wengine huongezeka kwa dakika au saa, yeye huhitaji karibu wiki mbili ili mmoja awe wawili. Ndiyo sababu dalili huchelewa: kwa kawaida miaka kama 5 baada ya kuambukizwa, na pengine hata 20. Huenea kwa hewa, kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kwa wale wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu. Hauenei kwa kupeana mkono wala kwa kula pamoja. Tena watu walio wengi wana kinga ya asili, hawaugui hata bakteria wakiingia mwilini.

Bakteria hupenda kukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu, yaani ile inayopeleka habari za maumivu, joto na baridi. Mishipa hiyo ikiharibika, sehemu hufa ganzi.

Dalili za kuangalia

1. Baka lililopauka au jekundu kuliko ngozi nyingine, ambalo halina hisia.
2. Vinundu au uvimbe katika uso na masikio.
3. Ganzi katika mikono au miguu, au vidole kulegea.
4. Kidonda cha unyayo kisichouma, au kuungua bila kujua.
5. Jicho kushindwa kufumba vizuri.

Nyumbani mnaweza kufanya jaribio dogo. Chukua uzi mwembamba wa pamba. Mwambie mwenye baka afumbe macho, kisha mguse taratibu, mara nje ya baka, mara ndani yake, naye aoneshe kwa kidole alipoguswa. Akionesha vizuri nje ya baka lakini asisikie kitu ndani yake, aende zahanati bila kuchelewa. Msitumie sindano wala moto kumjaribu.

Dawa ipo, na ni bure

Tangu miaka ya 1940 dawa iliyotumika ilikuwa dapsoni peke yake. Baadaye bakteria wakaanza kuizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa zichanganywe, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Zinazochanganywa ni rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka 5 au pungufu kwa kawaida hutibiwa miezi 6. Mwenye zaidi ya 5 hutibiwa miezi 12. Kila mwezi humeza dozi moja mbele ya mhudumu wa afya, na nyingine humeza nyumbani kila siku.

Usishtuke mkojo ukiwa mwekundu siku ya rifampisini. Usishtuke pia ngozi ikiwa nyeusi zaidi kwa sababu ya klofazimini. Miezi kadhaa baada ya kumaliza dawa hurudi hali yake. Lakini ukitokwa na vipele vyenye kuwasha mwili mzima, au macho yakiwa ya manjano, rudi kituoni upesi. Muda mfupi tu baada ya kuanza dawa, mgonjwa haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumtenga chumba, sahani wala kitanda.

Mabaka yakiwaka ghafla

Hapa wengi hukosea. Mgonjwa anatumia dawa vizuri, kisha ghafla mabaka yanavimba na kuwa mekundu, au vinundu vyenye maumivu vinatokea pamoja na homa. Pengine kiwiko au goti linauma kwa ndani, na mkono unalegea. Yeye husema, "Dawa zimenidhuru," anaziacha, na kwenda kwa mganga.

Ndugu, hiyo si dawa kushindwa. Ni mwili wenyewe unaopambana na bakteria, hata wale waliokwisha kufa, na katika vita hivyo mishipa ya fahamu huumia. Yaweza kutokea wakati wa matibabu au hata baada ya kumaliza, na kina mama waangalie zaidi baada ya kujifungua. Endelea na dawa za ukoma, na nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huko utapewa predinisoloni kwa kipimo kinachopunguzwa polepole. Usiiache kwa ghafla. Ukichelewa, mkono uliolegea unaweza usirudi tena.

Kuishi na ganzi

Dawa huua bakteria, lakini haifufui mshipa uliokwisha kufa. Mtu anaweza kupona ukoma kabisa na bado ganzi ikabaki. Vidole havikatiki kwa sababu ya bakteria kuvila, kama watu wanavyodhani. Hupotea kidogo kidogo kwa vidonda, moto na usaha ambavyo mwenyewe havisikii. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mlinzi huyo akiondoka, macho yako yashike zamu yake.

Kila jioni ukitoka shambani, kagua nyayo na viganja; usipoona vizuri, mtoto akusaidie. Loweka miguu katika maji ya kawaida, si ya moto, kama nusu saa. Sugua sugu taratibu kwa jiwe, kisha paka mafuta ngozi ingali mbichi ili isipasuke.

Mabua ya mpunga uliovunwa huchoma kama misumari. Usiingie shambani miguu mitupu. Vaa viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani, visivyo na misumari. Anayepasua kakao afunge kitambaa kwenye mpini wa panga. Anayeipua sufuria ya ndizi ashike kwa kitambaa kinene, hata kama hasikii moto. Ukipata kidonda cha unyayo, kisafishe, kifunge, na upumzishe mguu huo. Hakiponi huku ukikikanyaga.

Asubuhi angalia macho katika kioo. Yakiwa mekundu au hayafumbi, nenda kituoni, na usiku yafunike kwa kitambaa safi.

Wajibu wa nyumba na jirani

Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10,000, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana. Wanaokaa na mgonjwa wapimwe ngozi wote, watoto pia. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kuwapa dozi moja ya rifampisini wale waliokaa karibu naye na hawana dalili, ili kuwakinga. Tanzania ilikuwa imekwisha kuijaribu njia hiyo katika wilaya za Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Muulizeni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Nayo midomo yetu tuichunge. Mtu anaficha baka lake kwa sababu anajua atakavyoitwa kisimani na kilabuni. Kila mwezi anaojificha, mshipa mwingine unakufa. Tukiacha kumcheka, atakuja mapema. Akija mapema, atapona akiwa na vidole vyake vyote kumi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kwa nini baka lisilouma lina hatari kuliko linalowasha?
2. Jirani anataka kuacha dawa kwa sababu mabaka yamevimba. Mtamshauri nini?
3. Katika kazi zetu za mpunga, kakao na uvuvi, mtu mwenye ganzi anaweza kuumia wapi, nasi tumsaidie namna gani?