Oksijeni ya Maji Hupimwaje?

Bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, limekusudiwa kuhifadhi maji ya mito Athi na Thwake kwa matumizi ya wakazi, mashamba na mji wa teknolojia wa Konza ulioko Malili. Kwa kuwa Mto Athi hupokea pia maji kutoka Nairobi, hali yake ni jambo linalomhusu kila mkazi.

Kipimo kimoja muhimu ni oksijeni iliyoyeyuka majini. Majitaka yanapoingia mtoni, bakteria huyaozesha na kutumia oksijeni hiyo. Samaki hukosa hewa, hata maji yakionekana maangavu.

Njia ya kemikali inayotumiwa hadi leo ilibuniwa na mwanakemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888. Hatua zake ni hizi:

1. Chupa ya kioo hujazwa maji hadi juu na kuzibwa bila kuacha kiputo cha hewa.

2. Papo hapo mtoni, huongezwa salfeti ya manganizi, kisha mchanganyiko wa ayodaidi na alkali. Mashapo ya kahawia huonyesha kuna oksijeni. Yakibaki meupe, oksijeni haipo.

3. Mashapo yakishatulia, huongezwa asidi ya salfuriki. Yanayeyuka na kutoa ayodini yenye rangi ya manjano. Oksijeni ikiwa nyingi, ayodini nayo huwa nyingi.

4. Katika maabara, thiosalfeti ya sodiamu hudondoshwa tone kwa tone hadi rangi ififie. Wanga huongezwa na maji kugeuka buluu. Matone huendelea hadi buluu itoweke.

Kwa sampuli ya mililita 200 na thiosalfeti ya nguvu iliyowekwa kwa kazi hii, kila mililita moja iliyotumika ni sawa na miligramu moja ya oksijeni kwa lita.

Hatua ya pili haiwezi kungoja. Maji yakisafirishwa bila kemikali hizo, bakteria huendelea kula oksijeni njiani, na jibu la maabara halitakuwa la mto tena. Asidi hiyo huunguza, hivyo kazi hii ni ya waliofunzwa.

Kwa wafugaji wa tilapia, miligramu 5 kwa lita au zaidi ni kiwango kizuri. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na kidimbwini hupungua zaidi alfajiri. Mfugaji akiona samaki wakihema juu ya maji wakati huo, asiwalishe kwanza; aongeze maji safi au ayakoroge yaliyopo.

Wakazi wakumbuke: oksijeni ya kutosha si kibali cha kunywa. Viini vya kipindupindu havionekani kwa kipimo hiki. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.