Herufi za Etiopia katika kompyuta

Watu wa Etiopia wana maandiko yao wenyewe tangu zamani sana. Maandiko hayo huitwa fideli. Kila herufi yasema silabi nzima: moja ni *la*, nyingine ni *li*, nyingine ni *lu*. Kwa hiyo herufi zake zinapita 200.

Vifungo vya kompyuta havifiki 200. Basi mtu anaandikaje? Kwa kawaida anagonga vifungo viwili kwa herufi moja. Akigonga *l*, kisha *u*, kompyuta inaandika ሉ. Katika Kiamhara amani huitwa *selam*. Mwandishi anagonga *s* na *e*, halafu *l* na *a*, kisha *m* peke yake. Kwenye kioo zinatokea herufi tatu: ሰላም. Neno hilo ni ndugu ya neno la Kiswahili *salamu*.

Lakini kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Kila herufi lazima iwe na namba yake. Zamani kila fundi alizipa herufi hizo namba alizotaka mwenyewe. Mtu aliandika barua nzuri, akaipeleka kwa ndugu yake. Ndugu alipoifungua katika kompyuta ya fundi mwingine, aliona alama za ovyo tu. Barua imefika, lakini haisomeki.

Mwaka 1999 herufi za Etiopia ziliingizwa katika Unicode, ndiyo orodha moja ya namba kwa maandiko ya dunia nzima. Katika orodha hiyo ሰ ni 4656, ላ ni 4619, na ም ni 4637. Kompyuta zote zinazoifuata zinasikilizana.

Namba peke yake haitoshi. Inahitajika pia fonti, yaani sura za herufi. Fonti ikikosekana, kioo kinaonyesha visanduku vitupu. Mtu asiifute barua yake kwa haraka! Namba zingali ndani. Atie fonti ya Kietiopia, na maneno yataonekana.

Bila namba hizo, mtoto wa Etiopia angelazimika kuandika lugha ya mama yake kwa herufi za kigeni. Sasa anamwandikia bibi yake kwa herufi zile zile ambazo bibi alijifunza shuleni.

Maulizo

1. Kwa nini herufi moja ya Etiopia inahitaji vifungo viwili?
2. Zamani barua ziliharibika kwa sababu gani?
3. Visanduku vitupu vyaonyesha kwamba kitu gani kimekosekana?
4. Andika kwa utaratibu namba tatu za neno *selam*.