Christian Okoye: Aliyeanza na Miaka 23

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa BTP nilimwambia mwanafunzi mmoja neno ambalo mpaka leo linanisumbua. Alikuwa kidato cha pili, ana miaka 19, mimi nina 21. Alinisubiri nje ya ofisi ya walimu, akaniamkia shikamoo (jamani, mtu tumepishana miaka miwili!), nikaitikia marahaba. Akauliza kama naweza kumfundisha hisabati jioni, kuanzia sehemu, zile za shule ya msingi. Nikamjibu kwa utani kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Akacheka kidogo, akaenda zake. Hakuniuliza tena.

Makala hii lakini inamhusu mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Nitarudi kwa yule kijana, maana bila yeye nisingemwandika huyu.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunauona kwenye filamu tu na hatuelewi kinachoendelea. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kitu. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Unaweza kusogea kwa kurusha pasi, au kwa kumkabidhi mtu mpira mkononi aingie nao katikati ya watu. Huyo wa pili ndiye ninayemzungumzia, na hapa nitamwita mbeba mpira. Mbele yake kuna wapinzani 11, na kazi yao halali kabisa ni kumwangusha. Akipata wastani wa yadi 4 kila anapobeba, kocha analala usingizi mzuri.

Christian Okoye alizaliwa Enugu, Nigeria, tarehe 16 Agosti 1961. Biafra ilipotangazwa Mei 1967, na Enugu ikawa makao yake makuu, alikuwa hajatimiza miaka 6. Vita vilipoisha Januari 1970 alikuwa na miaka 8. Utotoni alicheza mpira huu wetu wa miguu, baadaye akaingia kwenye michezo ya kutupa: tufe, nyundo, na zaidi kisahani. Kisahani ndicho kilichompeleka Marekani kwa ufadhili wa riadha, katika Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, chuo kidogo cha Kikristo kilichoko mashariki ya Los Angeles. Huko alishinda mataji saba ya vyuo katika kutupa.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda. Olimpiki ya 1984 ilifanyika Los Angeles, mlangoni kabisa pa chuo chake. Mnigeria mwenzake wa chuo hicho hicho, Innocent Egbunike, alikimbia na kurudi na medali ya shaba ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Okoye hakuchaguliwa na nchi yake. Kijana anakaribia miaka 23, safari iliyomvusha bahari imekatika, na michezo yenyewe inachezwa jirani, karibu kama mtu anayenyimwa chakula huku harufu ya pilau inampitia dirishani.

Ndipo akaenda kwenye timu ya futiboli ya chuo. Mchezo huo mwanzoni alikuwa ameuona unachosha, na wenzake wengi walikuwa wameanza kuucheza wakiwa watoto. Kwa hesabu ya mwalimu yeyote wa kawaida, mimi nikiwemo, huyo ni samaki aliyekwisha kukauka. Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ilimchagua katika raundi ya pili, mtu wa 35 kati ya vijana wote wa vyuo waliochaguliwa mwaka huo.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo somo letu la saikolojia ya elimu lilipoacha kuwa la kukariri kwa ajili ya UE. Mtakumbuka Thorndike na Woodworth, mwaka 1901: ujuzi wa jambo moja hauhamii kwenye jambo jingine kwa sababu tu umefanya mazoezi mengi, unahama pale ambapo mambo hayo mawili yana vipengele vinavyofanana. Nilikuwa nimeiandika mara tatu kwenye daftari bila kuiona popote. Mtazame mtupa kisahani. Anasimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.5. Magoti yamekunjwa, mwili uko chini. Nguvu inaanza miguuni, inapanda kiunoni, inafika begani, na yote inatoka kwa mara moja. Nafasi ni ndogo, muda ni mfupi mno, hakuna kujipanga upya. Mbeba mpira naye hupenya kwenye upenyo mdogo kwa nguvu ya miguu na kiuno, na upenyo ukishafunga umeshafunga. Ongeza kwamba Okoye alikuwa na kilo kama 118 na mbio za mtu mwembamba. Hakuanza na sifuri hata kidogo. Alikuja na nusu ya kazi mwilini, na kuna mtu aliyeiona.

Vipengele vingine havikuwepo. Kudaka pasi hakukutoka kwenye kisahani. Kusoma wapinzani wamejipanga vipi, wala kisahani hakikumfundisha. Kugongwa je? Kisahani kina kilo 2 na hakijawahi kumrukia mtu kifuani.

Mwaka 1989 Chiefs walipata kocha mpya, Marty Schottenheimer, naye akaamua mpira apewe Okoye. Apewe tena na tena. Katika msimu huo mmoja alibeba mara 370 na kusogeza yadi 1,480. Gawanya mwenyewe: yadi 4 kamili kila mara. Hakuna aliyefikisha yadi nyingi kama hizo katika ligi nzima mwaka ule. Mtu ambaye miaka mitano nyuma alikuwa hajawahi kucheza! Wakamwita Jinamizi la Nigeria. Jina hilo mimi silipendi sana, linanukia tangazo la biashara, lakini lilimkaa.

Hadithi ingeishia hapo ningeandika kwamba umri si kitu, tukapigiana makofi. Haiishii hapo. Tarehe 17 Septemba 1990, usiku wa Jumatatu mjini Denver, alipewa mpira akaingia katikati kama kawaida yake, akakutana uso kwa uso na mlinzi Steve Atwater, mtu aliyempungukia kama kilo 20. Wabebaji wengine wangejaribu kumpinda. Okoye alinyoosha moja kwa moja, Atwater akamsimamisha palepale na kumlaza chali. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenionyesha kipande hicho kwenye simu, tukakirudia kama mara nane hivi. Atwater ameingia katika jumba la magwiji wa mchezo huo mwaka 2020, na kipande kinachokumbukwa zaidi katika maisha yake ya uwanjani ni hicho cha kumwangusha Okoye.

Msimu huo yadi zilishuka hadi 805. Mwaka 1991 akarudi juu, 1,031. Mwaka 1992 akapata 448, magoti yakakataa, na msimu wa 1993 haukumkuta uwanjani. Alikuwa na miaka 31. Misimu sita, yadi 4,897, mara 40 alivuka mstari wa mwisho akiwa na mpira. Chiefs walimweka katika jumba lao la heshima mwaka 2000.

Mimi namlaumu mwalimu hapa, samahani, kocha. Mara 370 ni mara 370 za kugongwa. Walikigundua anachokijua, wakakitumia mpaka mwili ukachoka. Pasi alirushiwa kwa nadra sana. Mnaocheka, kumbukeni shule zetu: mwenye mwili mkubwa anapelekwa UMISSETA, akirudi anapewa jembe la bustani ya shule, na daftari lake hakuna anayelifungua. Kuona mwanafunzi anakuja na nini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa ambacho hakuja nacho, na hiyo ndiyo inayochosha, kwa hiyo tunairuka.

Sasa yule kijana. Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku chache BTP iishe, nilikwenda kwa fundi seremala kuchongesha zana za kufundishia. Nikamkuta. Kumbe anafanya kazi hapo kila jioni na siku za mapumziko, na ameanza zamani. Alishika ubao wenye upana wa inchi 15 na nusu, akatakiwa kutoboa katikati. Hakuandika kitu. Akavuta tepu, akasema, “Saba na robo tatu,” akaweka alama kwa penseli aliyoichomoa sikioni.

Nikamuuliza, “Umejuaje?”

“Si ndiyo katikati, mwalimu.”

Niliona aibu, nikajifanya naangalia mbao. Nusu ya 15 na nusu! Darasani swali hilo hilo, likiwa kwa Kiingereza na limechorwa keki iliyokatwa vipande, aliliacha wazi. Alikuwa anafanya sehemu kila siku kwa mkono, na mimi niliyelipiwa mkopo kusomea ualimu nilimwona samaki mkavu.

Nilimwomba radhi, akasema haina shida, mwalimu, kwa ile sauti ya mtu ambaye shida anaiona. Tulikaa jioni mbili kwenye benchi la fundi, tepu mezani. Siku ya kwanza tulijumlisha zenye asili moja, akamaliza kabla yangu. Siku ya pili tukaingia zenye asili tofauti, hapo tepu ikaanza kutuacha, kwa sababu tepu ina nusu, robo na ndugu zao lakini haina theluthi. Theluthi ilitubidi tuifundishane kama watu wanaoanza kweli, polepole, kwa kufuta na kurudia, mpaka giza likaingia na fundi akataka kufunga.

Mwezi wa saba nakwenda BTP ya pili, na nimeomba shule ileile. Tulizobakiza ni kuzidisha na kugawanya.