Ukirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, Uingereza, ukienda kwa mpenzi
DONDOO MUHIMU

Itunze karatasi uliyopewa na afisa wa uhamiaji. Sababu za kukurudisha ziko humo, na ombi jipya la viza lisilozijibu moja baada ya nyingine ni kutupa pesa, maana ada hairudishwi.

Fomu ya kuomba viza ya Uingereza inauliza kama umewahi kunyimwa viza au kuzuiwa mpakani, nchi yoyote ile. Jibu ndiyo, kisha eleza. Wapo mawakala wa mjini watakaokushauri unyamaze kwa kuwa “hawataona”. Maafisa wanaona. Kurudishwa peke yake si marufuku ya kuingia, lakini udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10.

Usimfiche mpenzi wako pia. Ukijiita mtalii huku simu yako inasema mengine, na begi limejaa vyeti vya shule, utaonekana unahamia. Barua yake ya mwaliko husaidia ila haitoshi: maafisa wanachotafuta ni kinachokurudisha nyumbani. Ambatisha barua ya likizo kutoka kazini au leseni ya biashara, pamoja na taarifa ya benki isiyo na mamilioni yaliyoingia juzi. Na omba wiki mbili, usiombe miezi sita yote.

Ndoa? Viza ya kawaida ya matembezi hairuhusu kufungia ndoa huko. Ipo viza yake.

Kama shida ni kuonana tu, mwambie aje yeye. Kama uko Kenya, Mwingereza huingia huko kwa kibali anachoomba mtandaoni kabla ya kusafiri.