Kutambua Kundi Tenzi katika Sentensi

Uchanganuzi wa sentensi hutahiniwa katika matumizi ya lugha, sehemu yenye alama 40 kati ya 80 za Karatasi ya Pili. Iwe umeagizwa kutumia matawi, jedwali au mistari, kazi ya kwanza ni ileile: kuigawa sentensi katika Kundi Nomino (KN) na Kundi Tenzi (KT). Ukikosea hapo, hata ukiyataja maneno yote kwa usahihi, utayaweka upande usio wake.

Tazama sentensi hii:

Wavuvi walishusha samaki ufuoni.

KN ni "wavuvi". KT ni "walishusha samaki ufuoni", yote. Watahiniwa wengi huandika "walishusha" pekee. Hicho ni kitenzi (T) tu. KT hubeba kitenzi pamoja na yambwa na kielezi chake.

Kosa hili mara nyingi hutoka katika somo la Kiingereza. Huko vitabu vingi vya sekondari hukufundisha kupigia mstari kitenzi kikuu na visaidizi vyake tu. Katika "The boats have been repaired in Malindi" utachukua "have been repaired" na kuyaacha mengine. Katika Kiswahili, "Mashua zimetengenezwa Malindi", KT ni "zimetengenezwa Malindi". Kila karatasi na kipimo chake.

Sasa uje kwenye mtego wenyewe:

Mekatilili wa Menza aliyeongoza upinzani wa Wagiriama alipelekwa uhamishoni Kisii.

Ukifika "aliyeongoza", mkono unawasha kukata. Subiri! Kile kiambishi -ye- ni kirejeshi: kinamfafanua Mekatilili, kwa hivyo bado tumo ndani ya KN. Jaribu kumsomea mwenzako hadi "Wagiriama", kisha unyamaze. Atakuuliza, "Enhe, akafanywaje?" Jibu lake ndilo KT: "alipelekwa uhamishoni Kisii".

Geuza sentensi hiyo:

Mekatilili wa Menza aliyepelekwa uhamishoni Kisii aliongoza upinzani wa Wagiriama.

Mambo ni yaleyale, ila taarifa imebadilika. Ya kwanza inatupasha adhabu aliyopewa na wakoloni. Ya pili inatupasha alichowafanyia watu wake. Hoja ya msemaji imo ndani ya KT, na ndiyo unayoipoteza ukikata kwenye kirejeshi. Chunga vivyo hivyo -o-, -lo-, -cho- na neno "amba-".

Yaliyosalia ni mepesi. Katika "Vasco da Gama alikuwa amefika Mombasa kabla ya Malindi", KT inaanzia "alikuwa", ambacho ni kitenzi kisaidizi (Ts). "Amefika" ndicho kikuu (T). Katika "Gede ni magofu ya mji wa kale", KT inaanza na kishirikishi "ni" (t), ambacho wengi hukiruka kwa udogo wake. Na ukipewa "Tumevuka daraja", nomino haikutajwa, mtendaji yumo katika tu-. Andika KN(Ø), kisha sentensi yote iwe KT.

Zoezi. Bainisha KT:

(a) Daraja la Kilifi lililochukua nafasi ya feri liko juu ya hori.
(b) Maji ya Mto Sabaki yalikuwa yamegeuka mekundu.
(c) Ndege wanaotua Mida wakati wa maji kupwa hula kaa.

Moja kati ya hizi haina kirejeshi. Anza na hiyo.