Projekta mbili, ukuta mmoja: kupanga onyesho la video usiku

Wazee wengi kaskazini mwa Kenya wanalikumbuka gari la sinema la serikali: shuka jeupe, projekta moja, jenereta ikinguruma kando. Siku hizi vijana wa sanaa wanataka ukuta wa jengo lenyewe uwe jukwaa, picha zikifuata milango na madirisha huku wachezaji wakicheza mbele yake. Jambo hili si jipya. Tangu 1969 wageni wa Disneyland, Marekani, wameona sanamu zikiimba kwa nyuso zinazomulikwa na projekta. Kinachowashinda wengi ni hesabu, si mitambo.

Chukua mfano wa ukuta wenye upana wa mita 12. Projekta mbili zikigawana mita sita kwa sita, mstari utaonekana katikati hata zikipangwa kwa makini. Dawa ni kila moja kumulika mita 6.6, ili picha zipishane kwa mita 1.2. Kwenye sehemu hiyo programu ya kompyuta hufifisha kila picha polepole, na mwanga wa mbili ukijumlishwa unalingana na pande nyingine. MapMap ni programu ya bure inayofaa kwa kujifunza kunyoosha picha ifuate umbo la jengo. Projekta ziwe za aina moja, kwani taa iliyochakaa hufanya upande wake uwe hafifu.

Umbali nao una kanuni. Kitabu cha projekta hutaja uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Ukiwa 1.5, mita 6.6 zitahitaji mita 9.9 kutoka ukutani. Pima kiwanja kabla ya kulipia ukodishaji, maana mti au barabara huenda iko papo hapo.

Picha ya mita 6.6 kwa 4.1 ni kama mita mraba 27. Projekta ya darasani ya lumeni 3,000 itatoa takriban lumeni 110 kwa kila mita mraba. Ya 6,000 itatoa mara mbili. Ile ndogo inatosha kwenye ukuta mweupe, mradi taa za ulinzi zizimwe. Ukuta wa mawe meusi utaimeza.

Isiolo iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Picha haziwezi kulinganishwa kabla ya giza la saa moja, na kazi hiyo huchukua saa nzima. Anayetangaza onyesho la saa moja atawakalisha watu bure.

Kisha kuna upepo. Mguu wa stendi yenye upana wa mita moja ukizama mchangani sentimita moja tu, picha iliyo mita 10 mbele husogea kama sentimita 10, na dirisha lililochorwa halikai tena juu ya dirisha la kweli. Weka mbao chini ya miguu na ufunge stendi kwa kamba.

Spika zisitumie jenereta moja na projekta. Stima ikiyumba, projekta ya balbu huzimika na hulazimika kupoa kwa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, umati ukisubiri gizani. Nyaya zipite mbali na njia ya watoto, na projekta ziinuliwe juu ya vichwa vya wachezaji, vinginevyo vivuli vyao vitafunika picha na mwanga utawachoma macho.