Mti wa flamboyani: tuutambue kwanza, ndipo tuupande

Wandugu wanakoperative wa Fizi na Baraka, wengi wanatuuliza juu ya miti ya kupamba parsele. Leo tuongee juu ya flamboyani, mti uliotoka kisiwa cha Madagaska.

Namna ya kuutambua. Maua yakiwepo hakuna kazi: yako mekundu, petali nne nyekundu, ya tano kubwa zaidi yenye madoa meupe. Bila maua, watu wanauchanganya na jakaranda, kwa sababu miti yote miwili iko na vijani vidogo vidogo. Angalia tawi. Kwa jakaranda majani yanatoka mawili mawili, yakitazamana. Kwa flamboyani linatoka moja huku, lingine kule. Angalia pia tunda. La flamboyani ni ganda refu kama panga, gumu, linalia ukilitikisa. La jakaranda ni bapa na la mviringo, na mbegu zake nyepesi zinapeperushwa na upepo.

Mbegu. Hapa ndipo siye wenyewe tulikosea. Tulitia mbegu kavu kwenye sashe, tukamwagilia wiki tatu, zikaota chache sana. Ngozi yake iko ngumu, maji hayaingii. Fanya hivi: chemsha maji, yatoe kwenye moto, ndipo utie mbegu. Ziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba, zipande siku ileile. Zisizovimba, zirudishie maji ya moto. Mbegu ya jakaranda usiifanyie hivyo, itakufa. Ndiyo maana kutambua kunatangulia.

Mahali pa kupanda. Mizizi yake inatembea juu juu na inaweza kupasua ukuta. Weka mita 10 toka nyumba, choo ao kisima. Matawi yake yanavunjika kwa upepo mkali, basi usiuweke karibu na paa.

Usiupande katikati ya muhogo. Watu wanaona maganda, wanafikiri unarutubisha udongo kama maharage. Hapana: mizizi yake haina vile vifundo, na kivuli chake kinadhoofisha mimea.

Kwa wenye pepinieri. Sia mwezi wa sita, miche iwe tayari mvua ikianza. Kila kitalu kiandikwe jina. Mama akinunua mche wa kivuli, na kiisha miaka ukuta wake upasuke, hatarudi kununua kwetu hata mche wa avoka.